Ya pistoni kwa sikio, ya turbini kwa jicho

Nahodha aliyenivusha Lamu hadi gati la Manda, penye uwanja wa ndege, alivuta kamba ya injini mara nne, ikakohoa tu. Akanigeukia: "Fundi, nyinyi wa ndege yenu si kubonyeza tu?"

Cessna 206, ndege ndogo ya injini ya pistoni, ni ndugu wa injini yake. Ikizimwa saa saba mchana na jua la Manda, petroli iliyo kwenye mirija juu ya silinda hugeuka mvuke, na stata huzungusha bure. Ukiiongezea mafuta kwa hasira, inalewa. Hapo kata mafuta, fungua hewa yote, piga stata utege sikio. Ikishika tu, rudisha mafuta huku ukipunguza hewa, mikono ikipishana.

Cessna Caravan, ndege ya injini ya turbini, haina ubishi huo. Injini yake, PT6, inayokunywa Jet A-1, jamaa wa mafuta ya taa, haikatai kuwaka. Hatari ni kuwaka kupita kiasi. Kwanza natazama betri: ikiwa chini ya volti 24, sigusi kitu. Kisha stata, na kungoja kompresa, mapanga ya ndani yanayoshindilia hewa, ifike angalau asilimia 12 ya kasi yake na itulie, ndipo nasukuma wenzo wa mafuta. Moto ukishika, mshale wa joto hupaa. Kikomo cha kuwashia ni nyuzi 1090, tena kwa sekunde mbili tu, kwa hiyo mkono haubanduki kwenye wenzo. Propela huanza pole pole kama feni ya dari, maana haikufungwa shafti moja na kompresa. Gesi ya moto ndiyo inayoisukuma. Kompresa ikipita asilimia 52, nazima stata.

Kwenye Dash 8 Q400, ndege kubwa zaidi ya abiria, kompyuta ndiyo inayopima mafuta, rubani anachunga geji. Haina utamu.

Siku moja ya kaskazi niliikuta Caravan imeegeshwa mgongo kwa upepo, nami kwa uvivu nikaiwasha hivyo hivyo. Upepo ulikuwa ukirudi ndani ya ekzosi. Mshale ukapita 900, mzunguko unajikokota. Nikakata mafuta, nikaacha stata izungushe hewa ya kupoza. Stata hiyo hupewa sekunde 30, kisha ipumzike 60. Tukaisukuma watu watatu, pua ikaukabili upepo, jasho likitutoka. Mara ya pili ikashika vizuri, mshale haukufika hata 800.

Nahodha akacheka, akavuta kamba mara ya tano.