Mstari ukiinuka ni kiwanda, ukizama ni barabara

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha WhatsApp, "kaka hii mia ina ufa, bei gani?" na mara nyingi jibu ni shilingi mia. Siwadharau jamani, ila sarafu nyingi zinazoitwa eti za makosa, yaani zilizokosewa kiwandani, hapa Kampala zimekanyagwa na boda tu, basi.

Iko hivi. Sarafu inapigwa na chapa mbili za chuma kigumu, moja juu moja chini, kisahani kitupu kinakaa katikati, zinakutana kwa nguvu ya matani. Chapa ikishapiga sarafu nyingi inachoka, inapasuka, na mara nyingi ufa unaanzia ukingoni au kwenye kona za herufi. Sasa huo ufa kwenye chapa ni mfereji, madini yanasukumwa humo ndani, kwa hiyo kwenye sarafu unatokea kama mshipa ULIOINUKA. Mkwaruzo wa barabarani unazama. Ukishika hilo tu umeshawapita wauzaji wengi.

Chukua lenzi ya mara kumi, weka tochi ya simu kushoto, chini kabisa, karibu ilale mezani. Mstari ulioinuka utang'aa upande wa kushoto na kivuli kitaangukia kulia, mkwaruzo utafanya kinyume. Nina shilingi moja ya mkoloni, ile ya simba na milima, ina uzi umetoka ukingoni ukapita juu ya vichwa vya herufi tatu bila kuzikata, ukaishia hewani. Mkwaruzo ungezikata hizo herufi.

Halafu kitu ambacho watu hawakifanyi kabisa: tafuta mwenzake. Ufa ni wa chapa, siyo wa sarafu yako peke yake, kwa hiyo sarafu zote zilizofuata kwenye chapa ileile zinao palepale, na unazidi kurefuka kadiri kazi inavyoendelea. Ukipata ya pili yenye mstari uleule ila mfupi zaidi, ujue hiyo ilipigwa mapema. Mimi hizo jozi nazipenda kuliko sarafu adimu yenyewe, kila mtu na ugonjwa wake.

Wakati mwingine ufa unazunguka na kipande cha chapa kinameguka ukingoni, sarafu inabaki na uvimbe laini usio na picha. Geuza upande wa pili, mahali palepale: picha inatakiwa kuwa hafifu, maana madini yalikimbilia kwenye lile pengo. Kama upande wa pili ni safi kabisa, mtu kaweka risasi ya kuchomelea, mrudishie. Sarafu iliyotoka kiwandani imekatika pembeni pia ni hivyohivyo, ukingo wa ng'ambo unaotazamana na pengo uwe dhaifu, la sivyo ni tupa imepita hapo.

Vipovu kwenye shilingi ya Uganda ya 1976 usihangaike navyo, ile ni chuma kilichopakwa madini mengine juu, ngozi yake inavimba tu.

Na tafadhali, herufi H au KN kwenye senti za kitobo za mkoloni siyo kosa! H ni Heaton, KN ni Kings Norton, vyote viwanda vya Birmingham. Hata zile za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyeachia kiti Desemba mwaka huohuo kabla hajavikwa taji, ni halali kabisa, hazikuwa na sura ya mfalme kwa hiyo waliandika jina wakaendelea na kazi.

Bei? Ufa mwembamba hauongezi kitu kikubwa, wanaolipa wanataka ule uvimbe wa ukingoni. Ukiupata usiusugue na majivu wala limau ssebo, nipigie picha tatu, moja mwanga utoke kushoto, nyingine kulia, na ya tatu ya upande wa nyuma.