Je, wajua kwa nini bendi ya roki ya New York iliacha kubadilisha kodi za gitaa?

Sikiliza "Born Under Punches", wimbo unaofungua albamu ya Remain in Light ya bendi hiyo, Talking Heads, halafu subiri gitaa lihame kodi, yaani liache fungu moja la noti zinazopigwa kwa pamoja na kushika jingine. Halihami. Karibu dakika 6 nzima wimbo umekaa palepale, na mwili wako bado unataka kucheza. Nyimbo nyingi za albamu hiyo, iliyotoka Oktoba 1980, zimejengwa hivyo. Kwa roki lilikuwa jambo geni mno. Hata wimbo wa panki, roki ya kasi na makelele, wenye kodi tatu tu husogea kwa kuhama kutoka moja hadi nyingine. Ndivyo msikilizaji anavyotambua kwamba ubeti umekwisha na kibwagizo kimefika. Sasa hawa walipata wapi ujasiri wa kubaki mahali pamoja?

Walipata Lagos, kwa kupitia London. Prodyuza Mwingereza Brian Eno alipokutana nao mwaka 1977, aliwapigia santuri ya 1973 ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, iitwayo Afrodisiac. Talking Heads hawakuwa wapiga kelele. David Byrne, Chris Frantz na Tina Weymouth walikutana katika chuo cha sanaa cha Rhode Island, wakapanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1975 katika klabu ya CBGB, wakiwatangulia Ramones. Jerry Harrison aliungana nao baadaye. Waliishi katikati ya panki, ila masikio yao yalikuwa kwenye muziki wa kucheza, na kwa Fela walikuta kitu ambacho roki haikuwafundisha. Gitaa moja lina kipande kifupi linachokirudia, jingine linalijibu, besi haibanduki kwenye njia yake, na Tony Allen kwenye dramu anavishona vyote pamoja. Hakuna anayepiga vingi. Utamu uko pale vipande vinapopishana. Aliyekulia kwenye sebene ya Kikongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1979 walijaribu njia hiyo katika "I Zimbra", wimbo ambao maneno yake hayana maana yoyote, kwani yametokana na shairi la mshairi Mjerumani Hugo Ball. Mwaka uliofuata wakaenda studio ya Compass Point, Nassau, visiwani Bahama, wakiwa hawana nyimbo zilizokamilika. Na hapa ndipo penye jibu la swali letu.

Walifanya hivi. Mmoja alianza kupiga kipande kifupi na kukirudia kwa dakika kadhaa bila kukibadilisha. Mwingine akaongeza chake juu yake, kisha mwingine, mpaka tepu ikajaa vipande vya besi, gitaa, kinanda na midundo. Hawakuwa na kompyuta ya kunakili sauti. Marudio yote yalipigwa kwa vidole. Wimbo ulikuja kuundwa baadaye, kwenye meza ya kuchanganyia sauti: huku wanazima vyombo vitatu, kule wanawasha vinne kwa mpigo, na sehemu hiyo ndiyo inakuwa kibwagizo. Laiti kila kipande kingekuwa na kodi zake, mchezo huo usingewezekana, maana sauti zingegongana. Kwa kuwa vyote vimesimama juu ya kodi moja, chochote kinaweza kukutana na chochote. Kodi moja ndiyo iliyowapa uhuru wote uliobaki.

"Once in a Lifetime" ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Besi ya Weymouth ina noti chache mno, na ina mapengo makubwa katikati. Eno alihesabu mpigo wa kwanza mahali tofauti na wenzake walivyouhesabu, na badala ya kusahihishana waliziacha hesabu zote mbili ziishi ndani ya wimbo mmoja. Ndiyo maana wimbo ule unaelea, hujui vizuri mguu uushushe wapi. Juu yake Byrne anapaza sauti kama mhubiri, mtindo alioutoa kwa wahubiri wa redioni wa Marekani.

Naiheshimu albamu hii pia kwa sababu hawakuficha deni lao. Waandishi wa habari walipewa orodha ya vitabu pamoja na santuri, kikiwemo cha John Miller Chernoff kuhusu ngoma za Ghana. Lakini ndani ya bendi yenyewe mgawo wa sifa ulileta uchungu: nani aandikwe kuwa mtunzi, ilhali nyimbo zilizaliwa na watu wote wakipiga pamoja? Hapo naona Weymouth na Frantz walikuwa na haki ya kulalamika.

Njia ile imedumu kuliko mavazi na mitindo ya nywele ya miaka ile. Leo prodyuza wa Bongo Fleva au wa popote pale akikaa mbele ya kompyuta, anarudia kipande, anarundika vingine juu yake, kisha anazima na kuwasha. Bendi ya Uingereza Radiohead, ambao hata jina lao limetoka kwenye wimbo wa Talking Heads wa 1986, waliingia kutengeneza Kid A ya 2000 bila nyimbo zilizokamilika, na mwimbaji wao Thom Yorke ameeleza kwamba Remain in Light ilikuwa kielelezo chake.

Kisha yupo mwimbaji Angélique Kidjo. Alikimbia Benin mwaka 1983, akafika Paris, na huko akasikia "Once in a Lifetime". Wenzake walimwambia ni roki. Yeye alisisitiza kwamba anasikia Afrika. Mwaka 2018 alirekodi upya albamu yote, wimbo kwa wimbo, akaongeza maneno ya lugha za kwao na ala za upepo zinazovuma kama za Lagos. Kwenye dramu alimwita Tony Allen yuleyule wa Fela. Ukitaka kulielewa jambo hili kwa masikio, anza na Afrodisiac, nenda kwa Talking Heads, umalizie na Kidjo, na katika zote tatu fuata besi kabla ya sauti ya mwimbaji.