Utomvu wa mnyaa haung'oi saratani ya ngozi

Hapa Dar bado utasikia: paka utomvu wa mnyaa kwenye kidonda kisichopona, ukiwasha ujue unang'oa mzizi wa saratani. Sivyo. Unaunguza ngozi ya juu tu. Gamba hukauka, kumbe chini yake seli za saratani zinaendelea kuota. Ukiingia jichoni, unaweza kupofusha.

Dawa ya kweli kutoka mmea haipatikani hivyo: maabara hutenga kiambato kimoja cha mmea, huurekebisha muundo wake, kisha hukijaribu kwenye seli, wanyama, mwishowe watu. Vingi huishia njiani. Dawa ya kupaka iitwayo ingenoli mebutati, kutoka mmea wa jamii hiyohiyo ya mnyaa, iliidhinishwa Marekani 2012 kutibu madoa yanayoweza kugeuka saratani. 2020 Ulaya ikaisimamisha, kwa hofu kwamba yenyewe inachochea saratani ya ngozi.

Ndugu yangu mwenye ualbino, kidonda kikipita wiki nne, nenda hospitali kikatwe kipande kipimwe.