Karo (vigae) hazipandishi bei ya nyumba kama mtaro wa maji

Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi wanaamini kwamba ukitaka kuuza nyumba kwa bei nzuri, uanze na karo za sebuleni na plafo (dari) mpya. Si kweli. Mnunuzi makini huanzia nje, kwenye msingi, maana mji uko milimani na udongo wake wa mfinyanzi huteleza ukishiba maji.

Pesa ya kwanza iende kwenye maji ya mvua: mifereji kando ya mabati, bomba la kuyashusha, na mtaro wa zege wenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, usiomwagia jirani. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu. Bila hayo maji hujaa nyuma yake na kuusukuma hadi uiname.

Ufa usiupake rangi upesi. Ziba sehemu ndogo kwa plasta, andika tarehe, ngoja msimu wa mvua. Plasta ikikatika, nyumba bado inasogea, na karo utakazobandika zitabanduka.

Halafu hati. Tangu sheria ya 1973 ardhi ni ya serikali. Haki yako juu ya paseli (kiwanja) huthibitishwa na cheti cha usajili. Kama huna, kifuate kabla ya kumwita fundi karo.