Tazameni karatasi ya kura ya Michigan

Kila nikizungumza redioni kuhusu siasa za Marekani, simu ya kwanza huwa ileile: "Mwalimu, Wamarekani hawamtaki mwanamke. Walimkataa Hillary, wakamkataa Kamala, yameisha." Wiki hii imepigwa tena, na nyongeza kwamba Tanzania imewatangulia. Siwezi kuendelea kuijibu kwa dakika mbili kabla ya matangazo, kwa hiyo naijibu hapa.

Kwa Hillary Clinton sikawii. Mwaka 2016 alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9. Kilichomwangusha ni kura za wajumbe, yaani zile ambazo karibu kila jimbo humpa zote aliyeongoza humo, hasa za Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, na ukijumlisha pengo la majimbo yote matatu halifiki kura 80,000. Anayesema Wamarekani walimkataa aanze kwa kutueleza hizo milioni karibu tatu.

Kamala Harris ni habari nyingine. Novemba 2024 alishindwa kura za wananchi na za wajumbe pia, 226 kwa 312. Wengi hufunga mjadala hapo. Lakini siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo, Michigan walimpeleka Elissa Slotkin Seneti, baraza la juu la bunge. Wisconsin wakamrudisha Tammy Baldwin, Nevada wakamrudisha Jacky Rosen. Wote watatu ni wanawake wa Democratic, wote waliwashinda wanaume wa Republican, chama cha Trump, na majimbo yote hayo aliyachukua Trump. Hiyo Michigan inayosemwa haimtaki mwanamke ilikuwa chini ya gavana Gretchen Whitmer, ambaye mwaka 2022 alitetea kiti chake dhidi ya mwanamke mwenzake, Tudor Dixon.

Sasa nije kwa wachambuzi, maana wao wananiudhi kuliko wapiga simu. Wakishayaona majina hayo matatu wanatangaza kwamba tatizo lilikuwa Kamala mwenyewe, eti wanawake wenzake walipendwa na yeye hakupendwa. Hawajafungua matokeo. Pale Michigan, Slotkin alipata kura pungufu kuliko Harris. Nevada, Rosen naye alipata pungufu kuliko Harris. Baldwin wa Wisconsin ndiye pekee aliyemzidi, tena kwa kura elfu chache tu. Watu waliomchagua Harris na waliowachagua hao maseneta ni karibu idadi moja. Kilichobadilika kiko upande wa Republican: Mike Rogers, aliyeshindana na Slotkin Michigan, alipata kura pungufu kuliko Trump kwa zaidi ya laki moja. Sam Brown wa Nevada alipungukiwa zaidi ya 70,000, na Eric Hovde wa Wisconsin zaidi ya 50,000.

Maana yake, kuna watu waliokwenda kituoni kwa ajili ya Trump, wakaweka alama kwenye jina lake, na nafasi ya Seneti wakaiacha tupu au wakampa mgombea wa chama kidogo. Baadhi walichanganya vyama, hilo halina ubishi. Lakini kundi hilo ni la Trump binafsi, na mwanamume mwingine wa chama chake akisimama halimfuati lote. Harris alipambana na mtu huyo. Slotkin hakupambana naye. Ukiwalinganisha wanawake hawa bila kutaja walishindana na nani, hujachambua kitu.

Je, hii inafuta suala la jinsia? Siamini hivyo, na hapa nakiri hesabu zangu zina kikomo. Matokeo hayaonyeshi nani alibaki nyumbani kwa sababu mgombea ni mwanamke, tena mweusi mwenye asili ya India, na watu hawawaambii watafiti wa maoni jambo kama hilo waziwazi. Inawezekana pia mpiga kura anayemkubali mwanamke kama seneta anasita akifikiria amiri jeshi mkuu. Nadhani jinsia ilimgharimu Harris kitu. Ninachokataa ni kuifanya jibu la kila swali.

Maana kuna mchujo, yaani uchaguzi wa kumpata mgombea wa chama, na wasikilizaji wangu hawautaji kabisa. Wengi wanadhani vyama vya Marekani vina kamati kuu inayokaa na kukata majina. Hakuna kitu kama hicho. Mgombea huchujwa na wapiga kura wenyewe, na wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache na ndio wakereketwa. Huko ndiko wanasiasa wengi, wanawake kwa wanaume, huishia.

Mchukueni Liz Cheney, aliyekuwa mbunge wa Republican wa Wyoming. Januari 2021 alipiga kura Trump ashtakiwe bungeni. Mwezi Mei wabunge wenzake wa Republican walimvua uongozi, na nafasi yake akapewa Elise Stefanik. Agosti 2022 akaenda kwenye mchujo wa chama, hakufikisha asilimia 30 ya kura. Aliyemshinda ni Harriet Hageman. Alitolewa mwanamke, akaingia mwanamke, mara mbili. Kilichopimwa pale kilikuwa utiifu kwa Trump.

Kosa la Cheney alilifanya pia Lisa Murkowski, seneta wa Republican wa Alaska: Februari 2021, Seneti ilipoketi kuamua kesi ya Trump, alipiga kura kwamba ana hatia. Trump akamuunga mkono Kelly Tshibaka, naye mwanamke, ili amng'oe mwaka 2022. Murkowski aliijua hatari ya mchujo, kwani mwaka 2010 ulishamwangusha, akarudi kwenye uchaguzi mkuu kwa kuwaomba wananchi waandike jina lake kwa mkono, na kampeni yake ikagawa bangili zenye tahajia yake ili wasikosee. Akashinda. Mwaka 2022 hakulazimika kupitia tundu lile. Alaska walikuwa wameshapiga kura mwaka 2020 kuondoa mchujo wa chama kimoja kimoja: wagombea wote huwekwa pamoja, wanne wa juu huingia uchaguzi mkuu, na mpiga kura huwapanga kwa mfuatano anaoutaka. Cheney na Murkowski walihukumiwa na wapiga kura mwaka uleule, kwa kosa lilelile, na Murkowski bado yuko Seneti.