Irabu hazikuzaliwa pamoja na herufi

Wengi waliopita madrasa hudhani fataha, kasra na dhuma, yaani alama za irabu a, i na u, zina umri sawa na herufi za Kiarabu. Sivyo. Misahafu ya mwanzo kabisa iliandikwa bila alama hizo. Msomaji alitegemea alichokihifadhi kwa kusikia. Mapokeo humtaja Abu al-Aswad al-Du'ali, wa karne ya 7, kuwa ndiye aliyeanzisha nukta za rangi: juu ya herufi kwa a, chini kwa i, kando kwa u. Alama tunazofundishwa leo hunasibishwa na al-Khalil ibn Ahmad, mwanachuoni wa karne ya 8 mwenye asili ya Oman. Dhuma ni herufi wau iliyopunguzwa, itazame vizuri utaiona. Fataha nayo ni herufi alifu iliyolazwa. Magazeti ya Kiarabu hayaandiki alama hizi hadi leo, isipokuwa neno likitatanisha.