Pikapu ya zamani ikigonga, si lazima injini iwe imekufa

Wengi tunaamini injini ya petroli ikianza kugonga basi imekwisha, kilichobaki ni kuishusha. Kuna wakati ni kweli, lakini kwanza pima oili, halafu sikiliza inagonga wakati gani. Kama ni mlio mwembamba, kama misumari inatikiswa kwenye kopo, unakuja ukipanda mlima na mzigo na ukiachia mafuta unapotea, hapo mara nyingi ni petroli inawaka vibaya ndani ya silinda: taimingi (muda wa plagi kutoa cheche) imetangulia mno, oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) ni ndogo, injini inachemsha au kaboni imejaa. Rudisha taimingi nyuzi 2 hivi kwenye distributa (kile kinachogawa moto kwa plagi), jaribu petroli ya oktani ya juu, uone.

Ule mzito sasa, du du du, unaofuata resi hata gari limesimama, huo ndo wa kuogopa. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, ncha yake iguse chuma cha injini, washa usikilize, rudia silinda moja moja, mlio ukipungua mahali basi bearingi ya koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya hapo ndo unaishuku. Oili nzito haitibu, inaficha tu mlio kwa muda.